Sanduku la Maoni Lisiwe Kaburi la Maneno ya Wagonjwa

Katika hospitali, vituo vya afya na zahanati nyingi za umma nchini mwetu, ukutani karibu na mlango, huonekana sanduku dogo la mbao au la bati lililoandikwa neno moja: Maoni. Lina tundu juu na kufuli ubavuni. Mgonjwa aliyeridhika hutia humo karatasi ya shukrani. Aliyeudhika hutia malalamiko yake. Na mwenye shauri hutia shauri lake. Jambo hili ni jema, na wale walioliweka walikuwa na nia njema. Lakini, ndugu msomaji, yafaa tuulize swali ambalo sanduku lenyewe haliwezi kulijibu: karatasi ile ikisha kuingia, huenda wapi?

Mahali pengine ufunguo hukaa kwa mtu yule yule anayelalamikiwa. Pengine sanduku hufunguliwa siku mgeni mkubwa anapotarajiwa. Na mahali ambapo hufunguliwa kwa wakati, mara nyingi karatasi husomwa moja moja, kwa huruma au kwa hasira, kisha hufungwa pamoja kwa uzi na kuwekwa kabatini. Mwananchi amesema, na Serikali imesikia. Lakini hakuna kilichobadilika, kwa sababu kusikia peke yake si kazi iliyokamilika. Makala haya yanataka kueleza kazi iliyobaki, ambayo ni kuyapanga maneno ya wagonjwa katika mafungu yake, ili kila fungu lionyeshe ugonjwa wa kituo chenyewe na dawa yake.

MARADHI NA MLANGO WA HOSPITALI

Tangu tulipopata Uhuru mwaka 1961 taifa letu lilitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika vita hivyo vya tatu tumesogea mbele, wala si haki kukanusha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, 63 walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imefika 81. Vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi, ambavyo utafiti wa kwanza ulivikadiria kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000, vilikadiriwa kuwa 104 katika utafiti wa pili.

Hizo ni habari za kujivunia. Walakini zinatuletea wajibu mpya. Zamani kazi kubwa ilikuwa kumshawishi mama atoke nyumbani kwake aende kujifungulia kwenye kituo. Leo mama huyo amekwisha kutushika neno, amekuja. Sasa swali si kama atafika. Swali ni atakuta nini akifika. Je, atapokewa kama binadamu? Ataelezwa hali yake? Atakuta maji, dawa, na mtu macho usiku wa manane? Maana mtu aliyeitwa na kisha akadharauliwa hatarudi tena, na jirani zake aliowasimulia hawatakuja kabisa.

Wataalamu wa afya kutoka nchi mbalimbali, waliokusanywa na jarida la Lancet Global Health, walitoa taarifa yao mwaka 2018. Walikadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati hufa kila mwaka watu milioni 8.6 ambao tiba ingeweza kuwaokoa. Katika hao, milioni 3.6 hufa kwa sababu hawakupata huduma, na milioni 5 hufa ingawa walifika kwenye huduma, kwa kuwa huduma yenyewe ilikuwa duni. Yaani wanaokufa ndani ya mlango ni wengi kuliko wanaokufa nje yake. Basi kuongeza milango peke yake hakutoshi. Hatuna budi kujua yanayotendeka ndani.

NANI AJUAYE YA NDANI?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mganga mkuu wa wilaya hujua idadi ya vitanda. Mhasibu hujua bei ya vitanda. Fundi hujua mbao zilizotumika. Lakini mwenye habari za kunguni ni yule aliyelala juu yake usiku kucha. Mgonjwa ndiye mtu pekee anayepita mlango wote wa huduma, tangu mapokezi, kwa daktari, maabara, dirisha la dawa, wodi, hata kurudi nyumbani. Kila mtumishi huona kipande chake; mgonjwa huona safari nzima.

Wapo wasemao kwamba mgonjwa hajui utabibu, na kwa hiyo maneno yake ni ya uchungu tu. Kwa hao tutataja mfano wa nchi tajiri yenye madaktari tele. Katika mji wa Stafford, Uingereza, baina ya mwaka 2005 na 2009, wagonjwa katika hospitali ya mji huo waliachwa katika mashuka machafu, wengine waliwekewa maji ya kunywa mahali wasipoweza kuyafikia, na wengine hawakusaidiwa kula. Jamaa zao waliona, wakalalamika. Wakubwa wa hospitali walikuwa wameshughulika na hesabu za fedha na shabaha walizowekewa, na karatasi zao zilionyesha mambo ni shwari. Uchunguzi mkubwa wa hadhara ulifanywa chini ya mwanasheria Robert Francis, na taarifa yake ya mwaka 2013 ilitoa mapendekezo 290. Moja ya mafundisho yake makuu ni kwamba sauti ya wagonjwa na jamaa zao ilikuwa ikitoa onyo tangu mapema, lakini haikupewa uzito. Wasiojua utabibu walijua kwanza. Wenye kujua utabibu walijua mwisho.

Wala kusikiliza si jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1966 nchi yetu iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo ilikuwa chombo cha kwanza cha namna yake katika Afrika. Tume hiyo ilifunga safari kwenda mikoani, ikakaa na wananchi, ikapokea malalamiko yao juu ya watumishi na viongozi waliotumia vibaya madaraka, kwa maandishi na kwa mdomo. Kazi hiyo baadaye ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wale wanaowaongoza. Mwenye kulibeza sanduku la maoni, basi, halibezi sanduku. Anabeza desturi ya siasa yetu wenyewe.

KUSOMA SI KUPANGA

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Tuseme sanduku la kituo kimoja limefunguliwa mwisho wa mwezi, zikatoka karatasi 40. Huu ni mfano wa kufundishia tu, wala si habari za kituo fulani. Karatasi 6 ni za shukrani, 34 ni za malalamiko. Mganga mfawidhi akizisoma moja baada ya moja, atakumbuka ile yenye matusi kuliko zote na ile yenye kumsifu yeye. Nyingine zitachanganyika kichwani mwake. Mwisho atasema, "Wananchi wanalalamikia huduma." Maneno hayo ni kweli, lakini hayana faida. Ni kama tabibu kusema, "Mtu huyu ni mgonjwa," kisha akanyamaza.

Mwenye kupanga hufanya namna nyingine. Kwanza huchukua daftari, na kila karatasi huipa namba, tarehe, na mahali inaposemea: mapokezi, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa, au wodi. Jina la mgonjwa haliandiki katika daftari hilo, maana linalotafutwa ni jambo, si mtu.

Pili, huivunja karatasi katika mambo yaliyomo. Mwananchi mmoja ameandika: "Nilifika saa 1 asubuhi nikaonwa saa 7 mchana, na dirishani nikaambiwa dawa hakuna, nikanunue dukani." Hiyo ni karatasi moja, lakini ina mambo mawili, kusubiri na kukosa dawa. Ukiitia katika fungu moja tu, jambo la pili limekufa. Kwa njia hiyo karatasi zile 34 zinaweza kutoa mambo 48.

Tatu, mambo yanayofanana huwekwa pamoja, na fungu hupewa jina. Jina lisitoke mbinguni. Litoke katika maneno ya wananchi wenyewe. Fungu lisiwe pana mno kama "huduma mbovu," maana humo hutiwa kila kitu na hakitoki kitu. Wala lisiwe jembamba mno hata kila karatasi iwe na fungu lake. Katika mfano wetu, mambo 17 ni ya kusubiri, 11 ni ya kukosa dawa, 9 ni ya lugha ya kejeli, 5 ni ya maji na vyoo, 3 ni ya kutoelezwa ugonjwa, 2 ni ya kulipa bila risiti, na 1 ni la mama aliyeachwa peke yake katika chumba cha uzazi usiku.

Nne, kazi hii isifanywe na mtu mmoja. Watu wawili wazipange karatasi kila mmoja peke yake, kisha wakutane walinganishe. Pale wanapohitilafiana ndipo penye haja ya kusoma tena. Mmoja akisema "lugha mbaya" na mwingine akisema "kutoelezwa," lazima waulizane: je, mgonjwa huyu alitukanwa, au alinyamaziwa? Hayo ni makosa mawili, na dawa yake ni mbili.

WENGINE WALIVYOFANYA

Wanaotaka kuanza hawana haja ya kubuni kila kitu upya. Wataalamu wa London School of Economics, Tom Reader na Alex Gillespie pamoja na mwenzao, walikusanya tafiti 59 zilizokuwa zimechambua malalamiko ya wagonjwa yapatayo 88,000, na mwaka 2014 walitangaza matokeo yao. Waliona kwamba ghasia yote ile ya maneno yaweza kuwekwa katika makundi makubwa matatu. La kwanza ni la utabibu wenyewe: ubora wa matunzo na usalama wa mgonjwa. La pili ni la uendeshaji: mazingira ya hospitali, na taratibu zake, kama foleni, miadi na karatasi. La tatu ni la uhusiano: kumsikiliza mgonjwa, kumweleza, na kumheshimu pamoja na haki zake. Jumla ni mafungu saba katika makundi matatu. Hata kamati ya zahanati ya kijijini yaweza kuyaandika mafungu hayo saba juu ya ukurasa wa daftari na kuanza kazi kesho.

Wataalamu hao wawili walikwenda mbele. Mwaka 2018 walitangaza uchambuzi wa malalamiko 1,110 kutoka Uingereza, na wakaonyesha kwamba wagonjwa huona mambo ambayo hospitali yenyewe huwa vipofu kwayo: yanayotokea mtu anapoingia na anapotoka hospitalini, na yale yaliyopaswa kutendwa lakini hayakutendwa. Jambo lililotendwa vibaya huacha alama katika faili. Jambo ambalo halikutendwa haliachi alama po pote, isipokuwa katika kumbukumbu ya aliyelingojea.

IDADI NA UZITO SI KITU KIMOJA

Hapa tunatoa onyo. Mtu akisha kupanga na kuhesabu, hushikwa na tamaa ya kufuata hesabu tu. Atasema: kusubiri ni 17, basi tuanze na kusubiri, mama wa chumba cha uzazi ni 1, basi angoje. Huo ni ukarani, si uongozi. Karatasi ile moja ya mama aliyeachwa peke yake usiku ina uzito kuliko zile 17, kwa kuwa ndani yake mna vifo viwili vilivyokwepwa kwa bahati. Vilevile karatasi mbili za malipo bila risiti zaweza kuwa mlango wa rushwa. Na kama aliyetozwa ni mama mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano, ambao sera ya nchi imewasamehe malipo, basi hapo sera ya taifa imevunjwa kaunta.

Kwa hiyo kila jambo lipewe alama mbili. Ya kwanza ni ya fungu, ya pili ni ya uzito: jepesi, la kati, au zito. Yaliyo mazito yasingoje mwisho wa mwezi wala mkutano. Yashughulikiwe siku ile ile yanaposomwa, na aliye juu ya kituo ajulishwe. Mafungu ni kwa ajili ya kuona njia ndefu. Uzito ni kwa ajili ya kuzima moto.

Tena, maneno yenyewe yasitupwe baada ya kuhesabiwa. Chini ya kila fungu ziandikwe sentensi mbili tatu za wananchi kama walivyoziandika, bila majina. Namba humwambia kiongozi ukubwa wa jambo. Maneno humwambia uchungu wake. Kiongozi mwenye namba bila maneno husahau kwamba wale ni watu. Mwenye maneno bila namba huchukuliwa na kilio cha mmoja akasahau cha wengi.

FUNGU LISIMSHITAKI MFANYAKAZI BILA KESI

Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi ni wafanyakazi, na baadhi yao ni wauguzi, waganga, makarani na wahudumu wa hospitali. Hao wanaweza kuuliza, na wana haki kuuliza: je, haya si mambo ya kututafutia makosa? Jibu letu ni kwamba malalamiko yasiyopangwa ndiyo humwonea mfanyakazi, na yaliyopangwa vizuri humtetea.

Turudi kwenye mfano wetu. Katika mambo 17 ya kusubiri, ukitazama tarehe na mahali, waona kwamba 12 ni ya Jumatatu na Jumanne, na yote 12 ni ya mapokezi, si ya chumba cha daktari. Katika mambo 9 ya lugha ya kejeli, 7 ni ya mapokezi hapo hapo na siku hizo hizo. Sasa mafungu mawili yaliyoonekana kuwa mbalimbali yameonyesha mzizi mmoja: karani mmoja, daftari moja, na kliniki mbili kubwa zilizowekwa siku zile zile. Mtu aliyesimama tangu alfajiri mbele ya umati wenye hasira huchoka, na aliyechoka huropoka. Hatusemi kwamba kejeli ina udhuru. Haina. Mwananchi hakuja kutukanwa, na mtumishi wa umma aliyeshindwa kuuzuia ulimi wake lazima aonywe. Twasema kwamba onyo peke yake halitaponya, maana ukimhamisha karani huyo na kumleta mwingine, baada ya miezi miwili huyo naye ataropoka. Dawa ni kuihamisha kliniki moja ipelekwe Alhamisi, na kumwongezea karani mwenzake saa za asubuhi. Dawa hiyo haihitaji ruhusa ya Wizara.

Fungu la dawa nalo lichambuliwe hivyo hivyo. Tuseme katika mambo 11, manane ni ya dawa moja tu, ya shinikizo la damu. Basi neno "hakuna dawa" si kweli yote. Dawa zipo, inayokosekana ni moja, na inakosekana kwa sababu maombi yanayopelekwa Bohari ya Dawa yameandikwa kwa kiasi cha mwaka uliopita, wakati wagonjwa wa shinikizo la damu wameongezeka. Mfamasia aliyekuwa akitukanwa kila siku dirishani sasa ana karatasi ya kumtetea na ya kumrekebisha pia.

Kwa sababu hiyo tunavihimiza vyama vya wafanyakazi, na hasa TUGHE ambacho wanachama wake ni watumishi wa Serikali na afya, visiyaogope mafungu haya. Daftari linaloonyesha kwamba manung'uniko huzidi katika zamu yenye muuguzi mmoja ni hoja yenye nguvu kuliko risala yo yote ya kuomba watumishi zaidi.

NANI AIFANYE KAZI HII?

Chombo cha kufanya kazi hii kipo. Vituo vyetu vya afya na zahanati vina kamati za usimamizi, ambamo wawakilishi wa wananchi hukaa pamoja na watumishi. Mahali pengi kamati hizi hukutana ili kusikiliza taarifa na kupiga sahihi. Ziombwe zifanye zaidi ya hapo. Sanduku lifunguliwe kila mwezi mbele ya watu watatu: mtumishi mmoja, mjumbe mmoja wa kamati anayetoka kwa wananchi, na mtu mwingine mwaminifu anayejua kusoma na kuandika vizuri, kama mwalimu. Ufunguo usikae kituoni. Ukae kwa mjumbe wa wananchi.

Tena nguvu za kutenda zimeongezeka. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka baadhi ya fedha za afya moja kwa moja katika akaunti za vituo vyenyewe, na vituo hutengeneza mipango yake ya matumizi. Hapo ndipo mafungu ya maoni yanapopata meno. Mpango wa kituo ukiandikwa bila kutazama daftari la maoni, umeandikwa gizani. Fungu la maji na vyoo likionekana miezi mitatu mfululizo, bomba lisikose katika mpango wa mwaka unaofuata. Na mwaka 2015 Serikali ilipoanza kuvipima vituo vya huduma za msingi kwa nyota, tangu sifuri hadi tano, ilitaka kila kituo kijijue kilipo. Daftari la maoni ni nyota ambazo mwananchi mwenyewe anazitoa kila mwezi bila kungoja mkaguzi.

Yaliyo juu ya uwezo wa kituo yapelekwe halmashauri, na yaliyo juu ya uwezo wa halmashauri yapande mkoani na Wizarani. Lakini yapande yakiwa yamepangwa. Diwani anayesimama katika baraza na kusema "wananchi wananung'unika" atajibiwa kwa ahadi. Diwani anayesimama na kusema "zahanati nne za kata yangu, kwa miezi sita, zina fungu lile lile la kukosa dawa ile ile" hawezi kujibiwa kwa ahadi tupu.

Siku hizi zipo programu za kompyuta ziwezazo kuyasoma maoni kwa maelfu na kuyagawa katika mafungu. Huko Uingereza, ambako tangu mwaka 2013 wagonjwa huulizwa maoni yao kwa utaratibu wa nchi nzima, na majibu yamefika mamilioni, programu hizo zimejaribiwa. Hospitali zetu kubwa zaweza kufikiri juu yake. Lakini mashine haijui kwamba mwananchi aandikaye "asanteni sana kwa kutulaza chini" hakushukuru. Kwa zahanati yenye karatasi 40, daftari na watu wawili makini watatosha.

WASIOANDIKA NA WANAOOGOPA

Sanduku lina upungufu wake. Husema naye ajuaye kuandika. Mzee asiyejua kusoma, mama aliyetoka leba akiwa hoi, kiziwi, na mgeni asiyeijua lugha vizuri, hao karatasi zao hazimo. Na mara nyingi hao ndio waliotendewa vibaya zaidi. Kwa hiyo wajumbe wa kamati, wahudumu wa afya wa jamii, na mabalozi wa nyumba kumi wawaendee majumbani, wawaulize, na waandike maneno yao kama yalivyo, bila kuyapamba wala kuyapunguza. Maneno yaliyopokelewa kwa mdomo yaingie katika daftari lile lile.

Wengine hawaandiki kwa hofu. Zahanati ni moja, muuguzi ni yule yule, na kesho mtoto ataugua tena. Mtu huyu hujiambia, heri ninyamaze. Kwa hiyo isitokee kabisa karatasi ikasomwa hadharani pamoja na jina, wala watumishi wasikae kulinganisha miandiko ili kumtafuta aliyeandika. Mtumishi atakayemlipiza kisasi mgonjwa kwa maoni yake amefanya kosa kubwa kuliko lile lililolalamikiwa, maana amewafunga midomo wote. Sanduku tupu si dalili ya huduma njema. Mara nyingi ni dalili ya hofu, au ya watu waliokwisha kata tamaa.

JIBU LIRUDI KWA MWENYEWE

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtu akisema na asijibiwe, atasema mara ya pili. Asipojibiwa tena, hatasema mara ya tatu. Kila baada ya miezi mitatu kituo kibandike ukutani, pale pale penye sanduku, karatasi yenye safu tatu: mlisema nini, tumefanya nini, na lipi halijawezekana na kwa nini. Safu ya tatu isifichwe. Mwananchi wetu si mtoto. Akielezwa kwamba jengo la wodi lahitaji fedha za mwaka ujao, ataelewa. Asichoelewa ni kunyamaziwa. Mambo hayo hayo yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na wananchi waulize.

Shukrani nazo zina fungu lake. Zile karatasi 6 zipangwe kama nyingine, zionyeshe ni wapi na ni kwa lipi watu waliridhika. Muuguzi aliyesifiwa na wanyonge wanne katika mwezi mmoja asomewe maneno hayo mbele ya wenzake. Hilo halina gharama, nalo humfundisha mwenziwe kuliko semina.

Ndugu wanachama, kazi hii yaonekana ndogo: daftari, kalamu, ufunguo, na saa chache za kila mwezi. Lakini ndani yake mna jambo kubwa. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mkulima na mfanyakazi wakitoa mchango wao kabla ya kuugua, watakuwa na haki maradufu ya kuuliza mchango huo umenunua nini. Tutawajibu kwa lipi, kama maneno yao ya jana yamelala kabatini yamefungwa kwa uzi?

Basi kila tawi la Chama lililo karibu na zahanati lifanye mambo matatu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Liulize ufunguo wa sanduku uko kwa nani. Liulize ni lini sanduku lilifunguliwa mara ya mwisho. Na liombe kulitazama daftari la mafungu. Kama daftari halipo, wajumbe wasiondoke kwa hasira. Wakae na watumishi, wachore mistari ya safu, na waanze na karatasi ya kwanza.